Kidani cha Mashavu

Ushanga mbichi humea shingoni.

Methali hii ilianza hivi. Lakini kwanza acheni kucheka. Niliwaona jana pale kwenye mkutano wa darasa jipya, fundi alipoulizwa kwa nini mbao za paa zimepinda kabla hata mvua moja haijazipiga. Akaanza kutueleza habari za jua na upepo, mpaka mwenyekiti akamkata kauli: "Fundi, ushanga mbichi humea shingoni." Fundi akainama. Ninyi mkaangua kicheko, kisha mkanijia mbio kuniuliza, fundi wa nyumba na ushanga wapi na wapi? Swali zuri. Mngeliuliza kabla ya kumcheka mtu mzima lingekuwa zuri zaidi. Haya, kaeni. Anayemenya mbaazi aendelee kumenya, masikio hayana kazi nyingine.

Zamani, kabla shanga za kioo hazijazagaa huku kwetu bara, kijiji cha Kwedikunde kilisifika kwa ushanga wa mbegu. Wanawake wa huko walitunga kila kilichokubali sindano: mbegu nyekundu za mturituri zenye jicho jeusi, mbegu za ukwaju, vipande vya kifuu vilivyoletwa na wachuuzi wa pwani, hata miba ya nungu. Walitunga vya kiunoni, vya mguuni, na vya kuchezea ngoma. Lakini kazi iliyozidi zote ilikuwa kidani cha bibi harusi, cha mbegu za mturituri tupu.

Kidani hicho hakukitunga mtu yeyote ila shangazi wa binti. Binti alivishwa siku ya kuondoka kwao, akakaa nacho siku zote saba za fungate bila kukivua. Siku ya saba alitolewa nje mbele ya wanawake wa pande zote mbili, na hapo mama mkwe alikivua kwa mkono wake mwenyewe, akakipitisha vidoleni mbegu kwa mbegu, kisha akakivaa yeye. Akishakivaa, binti ni wake, na hakuna ulimi uliothubutu tena kumwita mgeni. Lakini kidani kikikatika au kikiharibika ndani ya siku hizo saba, ilisemwa kwamba wazee waliotangulia wameikataa ndoa, na binti alirudishwa kwao siku ileile. Siwaulizi kama ninyi mnaamini. Wao waliamini, na binti aliyerudishwa namna hiyo hakuposwa tena.

Sasa, palikuwa na mwanamke aitwaye Mwavita. Hakujaliwa mtoto wa tumbo lake, lakini kaka yake alipofiwa na mkewe alimletea kitoto cha miezi minane, akamwambia, "Dada, mimi sijui hata kumfunga nguo." Mwavita akakipokea. Kitoto hicho ndicho Mashavu. Akamlea, akamfunza kupika, kusuka nywele na kunyamaza wakubwa wanapozungumza, ingawa hilo la mwisho halikumwingia sana. Mashavu alimwita shangazi mbele za watu, na walipokuwa wawili alimwita mama.

Mwavita alikuwa mtunzi hodari. Alifundishwa na Bi Somoe, mwanamke mzee aliyekuwa mkubwa wa watunzi wote wa Kwedikunde. Hakuna kidani cha harusi kilichotoka kijijini bila kupita mikononi mwa Bi Somoe, na hata macho yake yalipoanza kuingia ukungu, watu waliendelea kumpelekea. Sindano yake aliichomeka pembeni mwa nguo, begani, kila siku iendayo kwa Mungu, hata alipokwenda shamba. Ilikuwa ndiyo cheo chake.

Na Bi Somoe alikuwa na sheria asiyoipindisha kwa mtu. Mbegu za mturituri huchemshwa kwanza, mpaka maji yageuke rangi. Ndipo hutobolewa. Zikishatobolewa huwekwa darini jikoni, moshi uzipige siku kumi. Mbegu iliyopita njia hiyo imekufa. Haioti, wala fukusi haiigusi, na kidani kikaweza kurithiwa na mjukuu wa mjukuu.

Ila njia hiyo ilikuwa na dosari moja, na watunzi wote waliijua ingawa hawakupenda kuitaja. Ikichemshwa, mbegu hufifia. Ule wekundu wake wa kaa la moto hugeuka wekundu wa udongo wa kichuguu.

Miezi michache kabla Mashavu hajaposwa, Mwavita alimsindikiza binti mwingine wa Kwedikunde kwenye harusi ng'ambo ya mto. Akiwa amekaa ukumbini alimsikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Hiki ndicho kidani cha Kwedikunde kinachosifiwa? Mbona kama kunde zilizolala chunguni?" Wakacheka kwa puani. Mwavita alijifanya hakusikia. Lakini neno hilo alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Na hao walioposa Mashavu, nao walikuwa watu wa ng'ambo ya mto.

"Mwanangu hatavaa kunde," alijiapiza.

Alizichuma mbegu mwenyewe, akachagua zilizolingana kama zilizopimwa. Akabandika chungu, maji yakachemka, mbegu zikiwa kwenye ungo pembeni. Akazitazama. Zilikuwa zinawaka kweli. Akachota konzi moja ili azitie chunguni, kisha akazirudisha. Maji yakachemka mpaka yakakaribia kukauka. Mwishowe alikiepua chungu, akayamwaga maji matupu nyuma ya nyumba, ili jirani aliyeona moshi aone na maji.

Alizitoboa zikiwa mbichi. Ni kazi ngumu, maana mbegu mbichi ni kama jiwe. Alizichoma kwa sindano ya moto, moja moja, pembeni mwa lile jicho jeusi ili zisipasuke. Vidole vilimbabuka. Alifanya hivyo siku sita akiwa amefunga mlango, na kila aliyebisha hodi alimwambia anaumwa kichwa. Kilipokwisha, kidani kilikuwa na nyuzi tano, na katika historia ya kijiji kile hapakuwa na kitu chekundu kama hicho. Hakukiweka darini hata siku moja. Alikifukiza tu moshi wa majani mabichi asubuhi ile alipokuwa akikipeleka kwa Bi Somoe, kikashika harufu.

Bi Somoe alikipokea kwa mikono miwili, akakipitisha vidoleni.

"Umezichemsha, Mwavita?"

"Nimezichemsha, mama."

"Mpaka maji yakageuka?"

"Mpaka yakageuka."

Mzee akakileta puani, akanusa moshi. Akakipima mkononi. "Mbona nakiona kizito?"

"Ni wingi wa mbegu, mama. Nyuzi ni tano."

Bi Somoe akatabasamu. "Macho yangu hayanionyeshi vizuri, lakini hata mimi nauona wekundu wake. Zamani ningekikagua mbegu kwa mbegu. Lakini wewe huna tena cha kukaguliwa, mwanangu. Wewe ni fundi, neno lako linanitosha." Akamrudishia.

Mwavita alishukuru, akatoka. Njiani uso ulimwaka kama aliyeinama juu ya moto, akajiambia ni jua. Hata kiatu kikimbana, mtu husema ni kokoto, wajukuu zangu. Tunajua sana kujidanganya sisi.

Siku ya harusi Mashavu alivishwa kidani, na wanawake wote wakashika vinywa. Hata wale wa ng'ambo ya mto hawakuwa na neno la puani safari hii. Mwavita aliona fahari mpaka miguu ikawa haikanyagi chini. Akavuka mto pamoja na mwari wake, maana shangazi ndiye aliyekaa na binti ndani siku zote saba, akimwosha na kumfunda.

Sasa fikirini wenyewe. Bibi harusi wa fungate hana anachofanya ila kuoshwa. Asubuhi majani ya kunukia yaliyolowekwa, mchana mafuta ya nyonyo, jioni tena majani, na juu ya hayo shuka la kumfunika ili jasho lisikauke. Na vuli ile mvua ilinyesha kama iliyokodiwa. Kidani hakikukauka hata saa moja.

Siku ya tatu Mashavu alisema, "Mama, kidani kinanibana."

Mwavita akatia kidole kati ya nyuzi na shingo. Kidole kilipita kwa shida. Juzi yake ungeweza kupitisha mkono. Akaziangalia mbegu dirishani penye mwanga: zilikuwa zimevimba, na ngozi ya moja imeanza kuchanika pale alipoichoma sindano.

Alijua palepale. Hakuna mtu aliyezaliwa Kwedikunde asiyejua mbegu mbichi iliyotobolewa hufanya nini ikinywa maji.

Angeweza kusema siku hiyo. Bi Nyamvua, mama wa bwana harusi, alikuwa uani hapo nje akipepeta mtama, na alikuwa mtu wa kuambilika. Angetoka tu aseme, "Dada, nimekosea kazi yangu." Alisimama hata akaufikia mlango. Akasikia wanawake nje wakikisifu kidani, mmoja akisema atamwomba Mwavita amfundishe binti yake. Akarudi akaketi.

"Vumilia, mwanangu," alimwambia Mashavu. "Huo ndio uzito wa ndoa. Kila bibi harusi huuona."

Na Mashavu, kwa kuwa hakuwahi kudanganywa na mtu huyu tangu alipokuwa wa miezi minane, aliamini. Alilala chali siku hizo zote, asijigeuze, akifikiri ndoa ndiyo inayomkaba.

Siku ya tano mbegu zilitoa vijizizi vyeupe, vyembamba kama nywele. Mwavita aliamka kabla ya watu, akavikata kwa kucha, kimoja kimoja, akavificha kwenye pindo la nguo yake. Siku ya sita vilikuwa vingi zaidi, naye akakata mpaka kucha zikauma. Mashavu alimtazama akifanya kazi hiyo, akamwuliza, "Mama, unatafuta nini shingoni kwangu?"

"Takataka tu za majani."

Alipokuwa akikata alikuwa akiona haya, na haya yenyewe ndiyo iliyomfunga kinywa. Watu husema aibu humrudisha mtu kwenye njia. Mara nyingine ni kweli. Lakini Mwavita ilimzidisha kupotea, maana kila siku aliyonyamaza iliiongezea siku ya kwanza uzito, na uongo mmoja ukawa unadai mwenzake. Asubuhi ya saba alikata vyote alivyoviona, akamvika binti kaniki mpya mpaka kidevuni, akaomba Mungu vidole vya Bi Nyamvua viwe vigumu kama vya mkulima yeyote.

Mchana walitoka nje. Uwanja ulijaa. Wa Kwedikunde walikuwa wamevuka mto tangu alfajiri, na Bi Somoe alikuwa mbele yao, ameshikwa mkono, kwa kuwa kilikuwa kidani cha mwanafunzi wake na hakutaka kukosa kukiona kikivaliwa. Mashavu alikalishwa kigodani. Vigelegele vikapigwa. Bi Nyamvua akaja amevaa vizuri, anacheka, akaishusha kaniki mabegani mwa mkwewe.

Mwavita alikuwa amekata vya mbele na vya pembeni. Vya kisogoni, penye fundo, chini ya nywele, hakuviona. Huko mbegu mbili zilikuwa zimepasuka kabisa, na kila moja imesimamisha kichipukizi cha kijani kilichojikunja juu ya ngozi ya binti.

Vigelegele vilikatika vyenyewe. Mwanamke mmoja aliguna, mwingine akacheka kwa fadhaa: "Bibi harusi kaja na shamba!" Halafu hapakuwa na aliyecheka. Bi Nyamvua alikuwa ameshika kidani na vidole vimesimama. Alipokivua, kilikuwa kimembana binti hata kikaacha alama nyekundu shingo nzima kama aliyefungwa kamba, na ngozi imelowa na kuchubuka.

Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akatikisa kichwa. "Tangu nizaliwe sijaona. Hapa wazee wamesema, na wamesema kwa sauti. Mtoto arudi kwao."

"Ngojeni kwanza," alisema Bi Nyamvua, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Akamwinamia Mashavu. "Mwanangu, ulikivua kidani hiki?"

"Sikukivua."

"Hukukiweka ardhini? Hukukizika mahali? Sema, mama."

"Sikukivua hata kulala," Mashavu alisema. "Kilinibana. Niliambiwa ni uzito wa ndoa, nikavumilia."

"Uliambiwa na nani? Nani mwingine alikigusa?"

Mashavu alimwangalia shangazi yake. Alimwangalia kwa muda, na Mwavita akaona yule mtoto anavyofika kwenye jambo hilo polepole: zile asubuhi, zile kucha, lile neno la takataka. Akaona alipofika. Kisha Mashavu akainamisha kichwa. "Hakuna aliyekigusa," alisema. "Ni mimi tu. Labda nililala vibaya."

Wajukuu zangu, kuna aibu ya kushikwa na watu. Hiyo mtu huizoea. Lakini kuona mtoto uliyemlea akiuchukua uongo wako ili usikupate, akiuvaa yeye mbele ya wakwe zake, na shingo imemchubuka, hiyo sijui mtu huizoea vipi. Mwavita alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kigodani. Hakusogea.

Aliyesogea ni Bi Somoe. Alimwacha aliyemshika mkono, akapapasa hewani mpaka akafika, akaomba kidani. Akakipitisha vidoleni. Ilimtosha mbegu tatu. Wote waliuona uso wake ukigeuka upande aliokuwa amesimama Mwavita, kama anayemwona.

"Mama wa bwana harusi," alisema, "na ninyi nyote mnisikie. Wazee hawakusema neno lolote. Hizi mbegu hazikuchemshwa, basi. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kidani hiki nikikague, nami sikukikagua. Macho yangu yamekufa na mimi sikutaka kukubali, kwa kuwa mtu akishazoea kuitwa mkubwa ni taabu kuacha. Kosa ni langu. Msimrudishe mtoto kwa upofu wa kizee." Akapeleka mkono begani, akaichomoa ile sindano, akainama, akaiweka chini miguuni mwa Bi Nyamvua. "Sitatunga tena."

Mwavita alisikia sauti ikimtoka kabla hajajua kwamba amefungua kinywa.

"Mama, okota sindano yako."

Wakageuka wote.

"Okota sindano yako, mama Somoe. Hukukosa kuona. Uliniuliza, nami nikakujibu. Uliniuliza mara mbili." Akatembea zile hatua tatu, na ilimchukua muda mrefu kuliko alivyowahi kutembea. "Mimi ndiye niliyezitoboa mbichi. Nilitaka ziwe nyekundu. Nilisikia watu wakisema vidani vyetu ni kama kunde, nikaona haya, nikaona bora nidanganye kuliko mwanangu achekwe. Maji niliyachemsha matupu. Moshi niliufukiza wa asubuhi moja. Siku ya tatu niliziona zimevimba, nikamwambia mtoto ni uzito wa ndoa." Akalifungua pindo la nguo yake, akakung'uta mbele yao vile vijizizi vilivyosinyaa. "Hivi ndivyo vijizizi nilivyokuwa nikivikata shingoni kwake. Yeye hajui kitu. Bi Somoe hajui kitu. Sasa kivisheni mimi kidani hicho, nirudi nacho Kwedikunde watu wanione."

Akapiga magoti, akanyoosha shingo.

Bi Nyamvua alikichukua kidani kwa Bi Somoe. Akamtazama yule mwanamke aliyepiga magoti. Wengi walitaka amvishe. Palikuwa na waliokwisha kuandaa ndimi zao kumsindikiza mpaka mtoni. Lakini Bi Nyamvua hakumvisha.

"Kukuvisha wewe kutasaidia nini?" alisema. "Kingemea kwako tangu mwanzo, leo tungekuwa tunakula pilau." Akakitupa kidani pembeni, akapiga goti mbele ya Mashavu, akachovya ncha ya nguo yake kwenye mafuta, akaanza kumpaka shingoni palipochubuka, taratibu. "Mtoto harudi popote. Kidani kitatungwa kingine. Mbegu zitachemshwa hapa hapa uani, mchana, sote tukitazama, na anayechemsha ni huyuhuyu shangazi yake. Siku kumi za moshi atazikaa hapa. Nitakivaa kikiwa na rangi yoyote."

Mwavita hakuinuka. Alisikia nguo ikikwaruza karibu naye; ni Bi Somoe, ameinama akipapasa vumbi kutafuta sindano yake. Mwavita akaiokota, akamtia mkononi.

Mzee akaishika bila kuichomeka begani. "Ushanga mbichi humea shingoni, Mwavita," alisema, si kwa ukali, kama anayefundisha mwanafunzi wa siku ya kwanza. "Sikuwahi kukwambia hilo. Nilidhani kukwambia uchemshe kunatosha."

"Ndiyo, mama," alijibu Mwavita. "Na shingo haikuwa yangu."

Basi akachemsha. Wanawake wa vijiji viwili walikaa wakimtazama akichochea moto, na hakuna aliyemtukana, jambo ambalo lilimwia gumu kuliko matusi. Maji yaligeuka rangi. Mbegu zikafifia, zikawa za rangi ya udongo wa kichuguu, na Bi Nyamvua alipokivaa kidani kile siku ya kumi na moja alipigiwa vigelegele vya kutosha. Mashavu alimsamehe shangazi yake. Alimwambia hivyo kwa kinywa chake, akimshika mikono yote miwili. Ila tangu siku ile alimwita shangazi hata walipokuwa wawili. Hakukusudia ubaya. Lile neno jingine lilikuwa halimjii tena, na Mwavita hakumwuliza.

Alama ya shingoni ilimkaa Mashavu mwaka mzima. Watoto wa ng'ambo ya mto walimwita Bibi Mche, hata alipokuwa na wanawe mwenyewe. Na Mwavita, kila alipovuka mto kwenda kuwatazama wajukuu, alilisikia jina hilo likiitwa njiani, akajua aliyempa ni nani.

Kile alichosema Bi Somoe kilianza kusemwa na watunzi, kisha na wafinyanzi, kisha na wajenzi, kisha na kila mtu aliyemshika mwenziwe na kazi ya hila. Mwavita aliishi sana, akakisikia mara nyingi kikisemwa mbele yake na watu wasiojua kilikotoka. Kila alipokisikia alimalizia polepole, bila kuomba ruhusa: "Na shingo haikuwa yangu." Vijana walidhani ni kizee kinachojisemea. Kumbe hiyo ndiyo nusu ya pili ya methali. Watu wameibeba nusu ya kwanza na kuiacha ya pili njiani, kwa kuwa ya kwanza inafaa kuwasuta wengine, na ya pili haifai ila kwa kujisuta mwenyewe.

Kwa hiyo mkimwona fundi ameinama mkutanoni, msidhani anajionea huruma. Fundi huyo haingii darasani. Wanaoingia ni wadogo zenu.

Ushanga mbichi humea shingoni, na shingo yenyewe huwa ya mwingine.